Jua Halichelewi, Hothoni Huwahi

Gurudumu la Mwaka, yaani mzunguko wa sikukuu nane wanaoufuata Wapagani wengi wa kisasa, limebeba saa mbili. Moja ni ya jua. Nyingine ni ya udongo: ua kufunguka, ngano kuiva, jani kupukutika. Saa ya jua haijaguswa na ongezeko la joto na haitaguswa. Saa ya udongo imekwishahama, na bado inahama. Sherehe nyingi zinazopwaya siku hizi, zile ambazo watu wanayaimbia maua yaliyonyauka wiki mbili nyuma au wanawasha moto kwenye nyasi zilizokauka kama karatasi, zinapwaya kwa sababu aliyezipanga amezisoma saa mbili kama moja.

(Tunazungumzia Uingereza na Ayalandi, ambako desturi hizi zimekulia. Aliye Australia hulipindua gurudumu kwa miezi sita. Aliye karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, ana kazi nyingine kabisa.)

Sikukuu nne ni za jua: Yule katika solistisi ya Desemba (siku ya mchana mfupi kuliko yote), Ostara katika ikwinoksi ya Machi (mchana na usiku vikikaribia kulingana), Litha katika solistisi ya Juni (mchana mrefu kuliko yote), na Mabon katika ikwinoksi ya Septemba. Hizi ziacheni zilipo. Tarehe zake huchezacheza kwa siku moja au mbili kwa sababu ya mwaka mrefu, si kwa sababu ya tabianchi. London, mchana wa Litha hufikia saa 16 na dakika 38 hivi, na wa Yule hushuka hadi saa 7 na dakika 50. Ndivyo ulivyokuwa kabla ya viwanda na ndivyo utakavyokuwa watoto wetu wakizeeka. Mwaka ambao kila kitu kingine kimevurugika, hapa ndipo pa kushika.

Kuna kosa moja la Yule ambalo halihusiani na joto lakini linaharibu alfajiri za watu wengi. Wanaamka gizani siku baada ya solistisi kushuhudia jua "likirudi mapema", na jua halirudi. London, machweo ya mapema kuliko yote huwa karibu tarehe 12 Desemba, na macheo ya kuchelewa kuliko yote huja mwisho wa Desemba au Januari ikianza. Kwa hiyo kurudi kwa nuru huonekana jioni kwanza. Panga Yule yako ikabili machweo. Stonehenge yenyewe, lile duara la kale la mawe kusini mwa England, imeelekezwa pande mbili kwa mstari mmoja, macheo ya Juni na machweo ya Desemba, ila umati mkubwa huonekana Juni kwa kuwa usiku wa Juni hauumi vidole.

Sikukuu nne zilizobaki ndizo zenye matatizo: Imbolc tarehe 1 Februari, Beltane 1 Mei, Lughnasadh au Lammas 1 Agosti, na Samhain inayoanza jioni ya 31 Oktoba. Wako wanaozishika kwa tarehe. Wako wanaosubiri jua lifike nusu ya njia kati ya solistisi na ikwinoksi, ambayo huangukia karibu 4 Februari, 5 Mei, 7 Agosti na 7 Novemba. Na wako wanaofuata dalili: maua, maziwa ya kondoo, mavuno, baridi.

Sisi tuko na hao wa mwisho, na hatuoni kama tunavunja mwiko. Sherehe moja moja zina mizizi mirefu, lakini gurudumu lenye vipande nane vilivyopangika ni kazi ya miaka ya 1950: Gerald Gardner upande wa Wicca (dini ya Kipagani ya kisasa yenye uchawi ndani yake), na rafiki yake Ross Nichols upande wa Wadruidi, ambaye mwaka 1964 alianzisha Order of Bards, Ovates and Druids. Jina la Mabon kwa sikukuu ya Septemba lilipachikwa na Mmarekani Aidan Kelly katika miaka ya 1970. Kitu kilichounganishwa katikati ya karne iliyopita kinaweza kusogezwa kidogo bila mtu kulaaniwa.

Hothoni na siku 11

Ua la Beltane ni hothoni, mti mdogo wa miiba unaozunguka mashamba ya Uingereza kama ukuta. Kabla ya kuueleza, tuutenge na ndugu yake, maana huu ndio mkanganyiko unaoharibu madaftari mengi ya kurekodi maua. Blakithoni huchanua kwanza, maua meupe juu ya matawi meusi yasiyo na jani hata moja, Machi na Aprili. Hothoni hutoa majani kwanza, kisha maua juu ya kijani. Ukiona weupe bila majani, hiyo si Beltane. Na hothoni ina harufu: nusa kwa karibu uone utamu wa lozi, halafu nyuma yake kitu kama nyama iliyolala. Ni kemikali ya trimethilamini, ambayo hutoka pia kwenye mizoga, na huvuta nzi wanaochavusha ua. Pengine ndiyo maana wazee wa huko walikataza tawi lake lisiingizwe ndani ya nyumba.

Sasa hesabu. Mwaka 1752 Uingereza ilibadili kalenda, na baada ya tarehe 2 Septemba ikafuata 14 Septemba. Siku 11 zilirukwa. Mei Mosi ya zamani, ile ambayo nyimbo na desturi za kuchuma hothoni zilizaliwa nayo, ni sawa na tarehe 12 Mei ya leo. Kwa vizazi kadhaa baada ya hapo watu walitoka asubuhi ya Mei Mosi mpya wakakuta vichipukizi vimefumba, na wakalalamika kuwa sikukuu imewahi. Leo, miaka yenye joto, kusini mwa England hothoni hufunguka Aprili bado haijaisha. Yaani joto limelirudisha ua kwenye tarehe yake kisha likaipita. Mtu anayekuambia kwa furaha kwamba "mwaka huu hothoni imefika kwa wakati" huenda anakusomea dalili ya ugonjwa.

Kuwahi huko hakukuanza kugunduliwa jana. Robert Marsham alianza kuandika dalili za majira ya kuchipua kwenye shamba lake Norfolk mwaka 1736, na rekodi za aina hiyo zimeendelea kukusanywa hadi leo. Mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchambuzi wa aina 406 za mimea ya Uingereza: wastani wa tarehe ya ua la kwanza tangu 1987 umetangulia wa miaka ya 1753 hadi 1986 kwa takriban mwezi mzima. Mwezi! Umbali kati ya sikukuu moja na nyingine ni wiki sita hadi saba.

Na kuwahi si neema. Mtufaha uliodanganywa na Machi ya joto hufungua maua, kisha usiku mmoja wa Aprili kipimajoto kinashuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri na moyo wa ua unageuka mweusi. Petali zinabaki nyeupe, nzuri, zinazofaa picha. Pasua ua katikati kwa ukucha: kama kile kitovu cha kijani kimekuwa cha kahawia, hakuna tufaha hapo.

Daftari kabla ya madhabahu

Kusogeza sikukuu kwa kuhisi tu ni kubahatisha. Kinachotakiwa ni rekodi ya mahali pako. Chagua dalili tano, zisizozidi hapo, unazoweza kuzifikia kwa miguu. Kwa nusu ya kwanza ya mwaka zinatosha hizi: snodropu (kile kiua cheupe kinachoinamisha kichwa), mayai ya vyura kwenye dimbwi, blakithoni, jani la kwanza la mwaloni, na hothoni. Chagua mmea mmoja mahususi wa kila aina na uufunge kamba ya sufu ili usiuchanganye na jirani yake. "Ua la kwanza" maana yake ni ua lililofunguka mpaka vijiti vya chavua ndani yake vinaonekana. Chipukizi lililopasuka rangi tu halihesabiwi. Pita kila baada ya siku mbili. Ukipita Jumapili kwa Jumapili, kosa lako linaweza kufika siku sita, na mabadiliko unayoyatafuta yanaweza kumezwa humo.

Rekodi huharibika kwa njia mbili tatu zinazojirudia. Mmea uliopakana na ukuta unaotazama kusini hupata joto la ukuta na utakudanganya kila mwaka. Snodropu za bustani zina aina nyingi zilizozalishwa kuchanua mapema, baadhi hata kabla ya Desemba, hivyo tafuta ile ya kawaida. Na ukihama, au mti ukikatwa, anza safu mpya. Usiendeleze ile ya zamani kwa mti wa mtaa wa pili.

Ukiwa na miaka mitano, unaweza kuweka kanuni. Sisi tunaipenda hii: sikukuu hufanyika mwisho wa juma wa kwanza baada ya dalili mbili kati ya tatu za sikukuu hiyo kuonekana, ila isisogee zaidi ya wiki tatu kutoka tarehe yake ya kalenda. Ule mpaka wa wiki tatu ni wa lazima. Bila mpaka, Imbolc itakwenda ikikaribia Yule mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja watu watajikuta wakiaga kipupwe ambacho hakijaanza. Dalili zikivuka mpaka, sherehe inafanyika kwenye mpaka, na pengo linatajwa kwa sauti.

Kutaja pengo ni sehemu ya ibada, na ni nyepesi kuliko inavyosikika. Mtunza daftari anasimama kabla ya kuwashwa chochote na kusoma tarehe tu: snodropu siku fulani, mwaka jana siku fulani, mwaka wa kwanza wa daftari siku fulani. Hakuna maelezo, hakuna hotuba ya mazingira. Kisha kimya cha pumzi tisa hivi. Ukiongeza hotuba, nusu ya duara inaanza kutazama viatu.

Moto

Hapa tutakaa zaidi, maana hapa ndipo mtu anaweza kuteketeza mlima.

Watu hudhani hatari ya moto wa porini Uingereza ni ya Julai. Kwa kweli majira ya kuchipua ndiyo yenye hatari kubwa: nyasi na magugu yaliyokufa mwaka uliopita yanasimama makavu, na kijani kipya hakijapanda kuyafunika. Beltane imekaa katikati ya dirisha hilo. Majira ya kuchipua ya 2025 yalikuwa ya joto na ya jua kuliko yote katika rekodi za Uingereza, na mvua ilikuwa haba. Moto wa Beltane wa kimila uliwashwa sehemu mbili, ng'ombe wakapitishwa katikati. Ulikuwa unawashwa katika nchi iliyolowa.

Jaribio la kwanza ni la mkono. Chota gao la nyasi za mwaka jana, lisokote. Zikikatika na kuacha vumbi kiganjani, hakuna moto wa wazi leo, hata kama watu 60 wamesafiri. Jaribio la pili ni la udongo. Kwenye nyanda za juu ardhi mara nyingi ni piti, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka, na piti yenyewe ni kuni. Moto huzama ndani, hutambaa chini bila kuonekana, na huibuka mbali siku kadhaa baadaye. Moto wa Saddleworth Moor, nyanda za juu karibu na Manchester, wa Juni 2018 ulihitaji msaada wa wanajeshi. Juu ya piti hakuna moto, si kwenye bakuli, si majira yoyote.

Penye ruhusa ya mwenye ardhi na udongo mzuri, tumia bakuli la chuma lenye miguu, kipenyo cha sentimita 60 hadi 80, kitako kikiwa angalau sentimita 20 juu ya ardhi. Safisha duara la mita tatu kila upande. Weka maji lita 40, kwa ndoo, yakiwa yamechotwa tayari. Bomba lililoko mita 100 halihesabiwi. Mtu mmoja halewi. Kuni ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20, upimwe kwenye uso uliopasuliwa papo hapo na si kwenye gome, kwa sababu gome hukauka kwanza na kuficha maji ya ndani. Kiwango hicho ndicho sheria ya England inachodai tangu 1 Mei 2021 kwa kuni zinazouzwa kwa mafungu ya chini ya mita za ujazo mbili. Misonobari iacheni: utomvu wake hurusha cheche. Rundo lipangwe siku ileile ya kuwashwa, kwani rundo la wiki ni nyumba ya kalunguyeye.

Acha kuongeza kuni saa moja na nusu kabla ya kuondoka. Mwaga maji kidogokidogo, koroga, mwaga tena, mpaka mvuke ukome. Kisha pitisha mgongo wa mkono juu ya majivu. Ukihisi joto, bado.

Na moto ukikosekana? Taa mbili za kioo zenye mishumaa ya nta ya nyuki, kila moja juu ya ndoo ya mchanga, zikiachana mita mbili, watu wapite katikati mmojammoja. Ni njia inayofaa kuliko wengi wanavyotarajia, kwa sababu mtu hulazimika kutembea polepole ili asiizime. Taa za betri hatuzikatazi, lakini hazimlazimu mtu kitu.

Swali la moshi na hewa ukaa huulizwa sana, na mara nyingi huelekezwa pasipohusika. Gari la petroli la kawaida hutoa karibu gramu 170 za kaboni dioksidi kwa kilomita. Magari 20 yakija na kurudi kilomita 100 kila moja ni kilo 340. Kilo 50 za kuni kavu hutoa chini ya kilo 100. Mjadala wa bakuli uendelee, ila wanaoujadili wajazane magari manne.

Sadaka, kwa kifupi

Utepe wa polista uliofungwa kwenye mti hauozi. Tawi linanenepa, fundo halilegei, gome linakatwa na chakula hakishuki mizizini. Kamba iwe ya sufu au katani, kwenye kitawi na si kwenye shina, kitanzi kiingie vidole viwili, na mwenye kuifunga arudi kuifungua. Duara la chumvi ardhini huua nyasi na kuwachoma minyoo. Chora kwa majani makavu. Mishumaa midogo ndani ya makaburi ya kale ya mawe hupasua jiwe kwa joto na kuacha madoa ya nta. Maji ya dimbwi moja yasimwagwe kwenye dimbwi lingine, kwani hubeba magonjwa ya vyura na mimea vamizi. Tumia maji ya mvua.

Mkate wa Lammas

Lammas ni mkate wa ngano mpya. Jina lenyewe latokana na maneno ya Kiingereza cha kale yenye maana ya misa ya mkate. Kiangazi kikiwaka, kama kile cha 2022 ambapo Coningsby, Lincolnshire, ilifika nyuzi 40.3 tarehe 19 Julai, ngano ya baadhi ya mashamba huwa imekwishavunwa kufikia 1 Agosti na sherehe inafanyika kwenye mabua. Hilo si baya: nafaka ipo. Mwaka wa mvua ndio unaotesa, na mkate hukwambia.

Msingi ni gramu 500 za unga wa ngano nzima iliyosagwa karibuni, chumvi gramu 10, hamira kavu gramu 7, maji mililita 350. Kabla ya kusaga, hakikisha unyevu wa punje uko chini ya asilimia 15. Zaidi ya hapo unga hunata kwenye mawe ya kinu na kuyaziba. Ngano ya mwaka mkavu huwa na punje ndogo zenye protini nyingi, hunywa maji zaidi; ongeza mililita 20 au 30 donge likigoma kunyooka.

Mvua ikinyesha juu ya ngano iliyoiva shambani, punje huanza kuota zikiwa bado kwenye suke. Zitazame kwa karibu: upande wa kiini ngozi imepasuka, na kijizizi cheupe kimechungulia. Humo ndani kimeng'enya cha amilasi kimeanza kugeuza wanga kuwa sukari. Wasagaji hupima hili kwa kupasha uji wa unga ndani ya mrija na kuhesabu sekunde ambazo kijiti huchukua kuzama. Kwa unga wa mkate hutaka 250 au zaidi. Jikoni utaliona kwa njia nyingine. Donge linaanza zuri, halafu kadiri unavyolikanda linalegea, maji yamezidi unga ingawa hukuongeza tone. Tanurini ganda linageuka jeusi mapema kwa ajili ya sukari, na kisu kinatoka na gundi.

Dawa yake: toa gramu 200 za unga huo, weka badala yake unga mkavu wa mwaka uliopita. Punguza maji hadi mililita 300. Tumia chachu ya kuchachuka, au kijiko kimoja kikubwa cha siki, kwa kuwa uchachu huipunguza nguvu amilasi. Oka kwa nyuzi 230 dakika 15, kisha shusha hadi 190 kwa dakika 40, mpaka katikati ifike nyuzi 97. Usikate mpaka upoe kabisa, saa tatu au nne. Na kama zaidi ya robo ya punje zimeota, achana na mkate. Pika vitumbua bapa kwenye chuma, vyembamba, vya kuiva kabla gundi haijajikusanya. Vitumike madhabahuni vilevile vilivyo, bapa. Mkate wa kununua uliochanua vizuri hapo ungekuwa uongo mdogo.

Samhain

Hapa dalili ya zamani ni baridi kali ya kwanza, wakati mifugo iliyotakiwa kuchinjwa ilichinjwa kwa sababu nyama ingekaa. Sasa usiku wa 31 Oktoba mara nyingi hauna barafu, na mabadiliko ni ya vitendo: sahani ya chakula cha kuwakumbuka wahenga iliyoachwa nje mpaka asubuhi huvuta panya na nzi. Iweke nje saa moja, kisha uirudishe. Maziwa usiyaache kabisa, kwa kuwa kalunguyeye ambaye bado hajalala atayanywa na tumbo lake haliyawezi. Chokoleti na zabibu kavu ni sumu kwa mbwa. Daftari hufungwa usiku huo, likiwa na tarehe ya barafu ya kwanza iliyoachwa wazi. Itajazwa ikifika, hata kama ni Desemba.